Kudhibiti pesa za kampeni za ubunge: tumuige nani?

Ulinganisho huu ni wa mtu atakayeitwa kutoa maoni siku sheria ya gharama za uchaguzi itakapofunguliwa tena: mwanasheria wa chama, mwanaharakati wa asasi, diwani anayeutamani ubunge, au mpiga kura tu aliyechoka kuona jimbo lake likinunuliwa kwa fulana na ubwabwa. Kwenye vikao vya namna hiyo mjadala hukimbilia kwenye namba. Mmoja atasema milioni hamsini, mwingine mia moja, wa tatu atauliza kama hizo zinatosha hata mafuta ya gari la matangazo, na kikao kimekwisha. Kutaja namba ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Hapa nimeziweka mezani Tanzania, Kenya, Uingereza, Ufaransa, India na Marekani, Kanada na Ufilipino zikipita njiani, na nitazilinganisha kwa maswali yanayochelewa kuulizwa: nani anakipanga kikomo, kinaanza kuhesabiwa lini, matumizi ya chama yanaandikwa kwa jina la nani, nani anashika pochi, na hukumu inamfikia lini aliyevuka.

Marekani tuiondoe mapema

Mwaka 1974, baada ya kashfa ya Watergate, bunge la Marekani liliweka kikomo cha matumizi kwa wagombea. Tarehe 30 Januari 1976 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Buckley v. Valeo, ikakifuta. Hoja yake: kumzuia mgombea kutumia pesa kufikisha ujumbe wake ni kumzuia kusema, na katiba inalinda uhuru wa kusema. Mahakama ikaacha kikomo cha michango tu. Ndiyo maana hadi leo mgombea wa Baraza la Wawakilishi anatumia kiasi chochote, hata mabilioni yake mwenyewe, ilhali mchangiaji binafsi katika msimu wa 2023–2024 hakuruhusiwa kumpa mgombea mmoja zaidi ya dola 3,300 kwa kila uchaguzi, kura za mchujo zikihesabiwa peke yake. Mwaka 2010 kesi ya Citizens United ikaruhusu kampuni na vyama vya wafanyakazi kumwaga pesa bila ukomo ilimradi wasishirikiane na mgombea.

Wako wanaoupenda mfumo huu kwa sababu hauhitaji kuhesabu fulana, unahesabu wachangiaji. Shida ni kwamba kikomo cha michango hufanya kazi pale ambapo mchango hupita benki ukiwa na jina. Mfadhili wa jimbo letu anakuja usiku na bahasha ya kaki, na jina lake halitaandikwa popote. Kwa hiyo sioni tunachoweza kuchukua hapa, isipokuwa onyo moja: ukiandika kikomo, kiandike ukijua kuna siku mtu atakwenda mahakamani kusema kinamnyima sauti. Uwe na jibu.

Nani anaitaja namba

Waingereza hawatoi namba moja. Sheria inatoa kanuni ya kukokotoa. Kwa uchaguzi wa Julai 2024 ilikuwa pauni 11,390, ukiongeza peni 12 kwa kila mpiga kura aliyeandikishwa kama jimbo ni la mashambani, au peni 8 kama ni la mjini. Jimbo la mjini lenye wapiga kura 70,000 linatoka na pauni 16,990. Mgombea yeyote anaweza kulipiga hesabu hilo kwenye simu yake, na mpinzani wake pia. Kabla ya marekebisho ya Novemba 2023 viwango vilikuwa pauni 8,700 na peni 9 au 6, vikapandishwa kufuata kupanda kwa bei.

Ufaransa nako ni kanuni: yuro 38,000 kwa kila jimbo, na senti 15 kwa kila mkazi, kisha jumla inazidishwa kwa 1.26, kizidishi kilichowekwa kufidia kupanda kwa bei. Jimbo la wakazi 120,000 linapata yuro 70,560. Angalia tofauti ndogo yenye maana: Mwingereza anahesabu wapiga kura, Mfaransa anahesabu watu. Kwenye nchi ambako uandikishaji wa daftari wenyewe ni ugomvi, kuhesabu watu kwa sensa kunapunguza chanzo kimoja cha malalamiko.

Ufilipino inatuonyesha kanuni inavyoweza kuoza. Sheria yao ya 1991 ilimpa mgombea wa ubunge mwenye chama peso 3 kwa kila mpiga kura wa jimbo lake, na asiye na chama peso 5, bila kuweka njia ya kupandisha. Miaka zaidi ya thelathini baadaye peso 3 hainunui hata kipeperushi. Kila mtu anajua hakuna anayeshinda kwa hizo, kila mtu anajaza fomu akisema ameshinda kwa hizo. Sheria inayomlazimisha hata mkweli kudanganya ni mbaya kuliko kukosa sheria, kwa sababu inamzoesha mbunge kusaini uongo kabla hajaapa.

India inataja namba wazi, lakini inaipandisha kila baada ya miaka kadhaa. Tangu Januari 2022 mgombea wa Lok Sabha, baraza la wabunge wa kuchaguliwa, katika majimbo makubwa ya shirikisho ana kikomo cha rupia 9,500,000, na katika yale madogo rupia 7,500,000. Ukigawa kwa wastani wa wapiga kura wa kiti kimoja, ambao wanakaribia 1,800,000, ni kama rupia tano kwa kichwa.

Tanzania ilipotunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyosainiwa Machi 2010, ilichagua njia ya tatu: Waziri anatangaza kiwango katika Gazeti la Serikali, akizingatia ukubwa wa jimbo, idadi ya watu, aina ya mgombea na miundombinu ya mawasiliano. Vigezo hivyo ni vya busara kuliko vya Ulaya. Ukitaka kufika kila kijiji cha jimbo la pembezoni unahitaji gari la magurudumu manne, dereva, mafuta ya siku nzima na mahali pa kulala. Mwenzako wa jimbo la mjini anapanda bodaboda na kurudi nyumbani kula. Kasoro iko kwa anayetamka. Waziri ni mwanasiasa wa chama kilichoko madarakani, na mara nyingi ni mgombea ubunge katika uchaguzi huohuo. Hata akipanga kwa haki tupu, mpinzani hatamwamini, na kikomo kisichoaminika hakiheshimiwi.

Kenya ililikwepa tatizo hilo kisha ikaangukia lingine. Katiba ya 2010, ibara ya 88, inaipa tume ya uchaguzi, IEBC, jukumu la kudhibiti kiasi kinachotumiwa na mgombea au chama. Sheria ya kufadhili kampeni ikapitishwa 2013. Kabla ya uchaguzi wa 2017 Bunge likaiahirisha mpaka uchaguzi upite. Agosti 2021 IEBC ikachapisha viwango kwa ajili ya 2022, kuanzia shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais kushuka hadi wadi; Bunge la Taifa likazikataa kanuni zake. Uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo. Yaani waliopaswa kufungwa kamba ndio walioombwa kuikagua kama imekaza. Matokeo hayo yangeweza kutabirika na mtoto wa shule ya msingi.

Kwa swali hili la kwanza, basi, nampa Mfaransa: kanuni iliyomo ndani ya sheria, inayofuata bei, inayohesabu wakazi. Ongeza kigezo cha Tanzania cha ukubwa wa eneo na ubovu wa barabara. Waziri na wabunge waliopo wasiwe na la kusema kila uchaguzi ukikaribia.

Saa inaanza kuhesabu lini

Hapa ndipo Tanzania inawapita wote, na ajabu ni kwamba hatujisifu. Nchini India matumizi yanahesabiwa tangu siku ya uteuzi hadi siku matokeo yanapotangazwa. Ukilipia mabango wiki moja kabla ya kuchukua fomu, hayapo. Uingereza inahesabu tangu mtu anapokuwa mgombea rasmi, na kuna kipindi kirefu cha ziada ikiwa Bunge limepitisha miezi 55 bila kuvunjwa. Ufaransa inarudi nyuma miezi sita kabla ya mwezi wa uchaguzi, isipokuwa uchaguzi uwe wa ghafla kama ule wa 2024.

Sheria ya Tanzania inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya chama. Aliyeiandika alijua anapoishi. Katika majimbo mengi yenye ngome ya chama kimoja, mbunge hupatikana kwenye kura za maoni za ndani ya chama; siku ya uchaguzi mkuu ni kwenda kugonga muhuri. Pesa nzito zinatoka pale, kwa wajumbe wachache wanaofahamika kwa majina na namba za simu, na kumshawishi mjumbe mmoja kuna faida kubwa kuliko kumshawishi mpiga kura mmoja. Mwaka 2020, baada ya watia nia wengi waliojiamini kuambulia kura za kuhesabu kwa vidole, mitandao ilijaa utani wa "wajumbe si watu". Utani ule ulikuwa na machungu ya watu waliotoa na hawakupewa. Kwa viti maalumu vya wanawake hali ni kali zaidi: kinyang'anyiro chote kiko ndani ya chama, hakuna mkutano wa hadhara hata mmoja. Kenya, mchujo wa chama katika ngome zake una uzito huohuo.

Wafaransa na Waingereza hawakulifikiria hilo kwa nguvu kwa sababu kwao uteuzi wa chama ngazi ya jimbo kwa kawaida ni jambo la watu wachache na gharama ndogo. Kwa hiyo anayependekeza kunakili sheria ya Paris au London neno kwa neno atakuwa ameacha mlango mkubwa wazi na kufunga dirisha.

Pesa ya chama ni ya nani

Mgombea mwenye akili hapiti kikomo. Chama ndicho kinapita kwa niaba yake.

Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya Kanwar Lal Gupta dhidi ya Amar Nath Chawla, ilisema kwamba chama kikitumia pesa kwa ajili ya mgombea fulani naye akajua na kunyamaza, ni pesa yake. Uamuzi safi. Mwaka huohuo serikali ikabadilisha sheria ili matumizi ya chama yasihesabiwe kwa mgombea, na vyama vya India havina kikomo kabisa. Uwanja wa mgombea una uzio upande mmoja tu.

Uingereza ina vikomo viwili, cha mgombea jimboni na cha chama kitaifa, na ugomvi uko kwenye mpaka kati yake. Katika uchaguzi wa 2015 chama cha Conservative kilipeleka maofisa na wanaharakati katika jimbo la South Thanet, ambako Nigel Farage alikuwa mgombea wa chama pinzani cha UKIP. Hoteli, usafiri na mishahara viliandikwa kama matumizi ya kitaifa. Machi 2017 Tume ya Uchaguzi ikakitoza chama hicho faini ya pauni 70,000 kwa hesabu mbovu za chaguzi kadhaa, hiyo ikiwemo. Mbunge aliyeshinda, Craig Mackinlay, alishtakiwa, akaachiwa huru Januari 2019; ofisa mmoja wa chama ndiye aliyetiwa hatiani. Soma tena hizo tarehe. Kosa la 2015, hukumu 2019, na katikati yake jimbo lilikwishapiga kura tena 2017.

Kwetu swali hili lina sura yake. Mgombea urais anapopita jimboni na msafara, wasanii, jukwaa na helikopta, kisha akamwinua mkono mgombea ubunge, ile siku iandikwe kwa nani? Ufaransa inajibu kwamba msaada wowote wa chama unaomnufaisha mgombea jimboni uthaminishwe kwa bei na uingie kwenye akaunti yake. Ni kazi ya kuchosha, na mhasibu wa chama ataichukia. Bado ni jibu pekee nililoliona lisilovuja.

Mshika pochi mmoja

Kabla ya 1883 kampeni za Uingereza zilikuwa karamu za pombe na rushwa. Sheria ya mwaka huo, iliyoweka kikomo cha kwanza cha matumizi ya wagombea, ilileta jambo la pili lenye nguvu kuliko kikomo chenyewe: malipo yote yapite kwa wakala mmoja wa uchaguzi aliyetajwa jina. Ufaransa ina mtu kama huyo, mwakilishi wa fedha, mwenye akaunti ya benki ya kampeni hiyo tu. Mgombea haruhusiwi kupokea mchango kwa mkono wake. Kampuni zimekatazwa kuchangia tangu 1995, mtu mmoja hatoi zaidi ya yuro 4,600 kwa uchaguzi mmoja, na mchango unaozidi yuro 150 hautolewi kwa taslimu. Matangazo ya kulipia ya kisiasa redioni, kwenye televisheni na magazetini hayaruhusiwi, na hilo peke yake limekata mzizi wa gharama ambao Marekani unazaa mamilioni.

India nayo inadai akaunti ya pekee, na inatuma waangalizi wa matumizi wenye kamera wanaorekodi mikutano na kuhesabu viti, mahema na magari, kisha wanaandika daftari la kivuli la kulinganisha na fomu ya mgombea. Ubunifu mzuri. Lakini Juni 2013 Gopinath Munde, mwanasiasa mkubwa wa chama cha BJP, alisema hadharani kwamba kampeni yake ya 2009 ilimgharimu rupia milioni 80. Kikomo wakati ule kilikuwa milioni 2.5. Tume ikamwandikia barua ya kumtaka ajieleze. Kiti hakupoteza, na mwaka uliofuata akachaguliwa tena na kuteuliwa waziri. Ukiona mtu anatangaza kosa kwenye kipaza sauti mbele ya watu, ujue ameshapima adhabu akaiona nyepesi.

Afrika Mashariki ina nafasi ambayo Wafaransa hawakuwa nayo walipoandika sheria yao: pesa za simu. Mgombea akilazimishwa kutumia namba moja ya malipo iliyosajiliwa, ya kupokea na ya kulipa, kila posho ya wakala wa kituo na kila lita ya mafuta inaacha alama yenye saa na dakika. Bahasha za usiku hazitaisha. Ila malipo halali yakishakuwa na njia moja tu, yale ya nje ya njia yanakuwa ushahidi yenyewe, hata kabla hujathibitisha yalinunua nini. Leo mwendesha mashtaka analazimika kuthibitisha nia; na nia ina historia ndefu kwetu. Kuanzia marekebisho ya mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliruhusu "takrima", ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo mwaka 2006 baada ya asasi za kiraia kufungua kesi. Miaka ile pilau halikuwa rushwa, lilikuwa utamaduni.

Kuna mfumo mwingine wa kushika pochi ambao vijana wengi hawaujui. Katika uchaguzi wa 1965, chini ya chama kimoja, majimbo mengi ya Tanzania Bara yalikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Mikutano iliandaliwa na chama, wote wawili walihutubia jukwaa moja kwa zamu, na kampeni ya mtu binafsi pembeni ilikatazwa. Gharama ya mgombea ilikuwa karibu na sifuri, na hata mawaziri waliangushwa. Sisemi turudi huko. Demokrasia ya chama kimoja ilikuwa na kamba zake ndefu. Lakini mikutano ya pamoja, jukwaa moja na spika zilezile kwa wagombea wote wa jimbo, inawezekana kabisa katika vyama vingi, na ingepunguza gharama kuliko kikomo chochote cha karatasi.

Siku za hesabu na siku za kesi

Hili ndilo ningependa msomaji aondoke nalo, maana halina mvuto wa jukwaani na hivyo husahaulika.

Ufaransa, Machi 1993, Jack Lang, aliyekuwa waziri wa utamaduni na elimu, mtu maarufu nchi nzima, alichaguliwa kuwa mbunge kutoka Blois. Tarehe 9 Desemba 1993 Baraza la Katiba lilifuta ushindi wake kwa kuvuka kikomo cha matumizi, likamzuia kugombea kwa mwaka mmoja. Miezi tisa. Hakuna gereza, hakuna pingu, kiti kimekwenda.

Kanada, mwaka 2008, Dean Del Mastro alichaguliwa tena Peterborough. Alitiwa hatiani kwa kuvuka kikomo mwishoni mwa 2014, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja 2015. Kifungo ni adhabu nzito kuliko ya Lang, lakini kati ya kosa na hukumu aliketi bungeni miaka sita na kushinda uchaguzi mwingine.

Ukimwuliza mgombea yeyote anaogopa kipi, hatakuambia gereza la baadaye. Anaogopa kupoteza kiti sasa, akiwa bado na madeni.

Sasa chukua kalenda. India inampa mgombea siku 30 kuwasilisha hesabu, na kesi ya kupinga ushindi inaweza kufunguliwa ndani ya siku 45. Mpinzani anapata wiki mbili za kuzisoma. Uingereza hesabu zinakuja ndani ya siku 35 baada ya matokeo ilhali muda wa kawaida wa kesi ni siku 21, kwa hiyo sheria ikafungua dirisha la pili kwa kesi za gharama baada ya hesabu kuwasilishwa. Ufaransa haimtegemei mpinzani: tume huru ya hesabu za kampeni inakagua kila akaunti, na ikikataa moja inaipeleka yenyewe kwa hakimu wa uchaguzi.

Tanzania? Sheria ya 2010 ilimpa mgombea siku 60 baada ya kura kukabidhi hesabu zake kwa chama, na chama kikapewa muda mrefu zaidi kuzifikisha kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kesi ya kupinga matokeo ya ubunge hufunguliwa ndani ya siku 30. Hesabu zinafika wakati mlango wa mahakama umeshafungwa. Kenya, ambako katiba inatoa siku 28 za kufungua kesi, itakutana na ukuta huohuo siku ikiamua kutekeleza sheria yake bila kuipanga kalenda upya. Unaweza kuandika kikomo cha busara, ukapiga marufuku takrima, ukaweka adhabu kali, na bado yote yakafa kwa sababu ya tofauti ya siku 30.

Kurudishiwa gharama

Ufaransa inamrudishia mgombea aliyepata angalau asilimia 5 ya kura hadi asilimia 47.5 ya kikomo, mradi hesabu zake zimekubaliwa. Kanada inarudisha asilimia 60 kwa aliyefikisha asilimia 10. Ndipo utaona kwa nini wagombea wao huandika risiti hata za kahawa: asiye na risiti hana pesa ya kurudishiwa.

Ni mfumo wa kuvutia, na sishauri tuuanze nao. Hazina italipa, mwananchi atauliza zahanati iko wapi, na chama chenye wagombea kila jimbo kitavuna zaidi. Baadaye labda, hesabu zikishaaminika.

Anayefaidika na kikomo cha chini

Kuna pingamizi moja zito dhidi ya kikomo chochote, na wanaopenda vikomo hulipita haraka. Mbunge aliyeko madarakani ana miaka mitano ya kujulikana. Tanzania kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, Kenya kuna mfuko kama huo, NG-CDF, na madarasa yaliyojengwa kwa pesa hizo mara nyingi huzinduliwa na mbunge mwenyewe. Hakuna anayeyahesabu kama gharama za kampeni. Kijana au mama anayeingia mara ya kwanza ndiye anayehitaji kutumia zaidi ili ajulikane tu kwamba yupo. Ukiweka kikomo cha chini sana, umemfunga mgeni na kumwacha mwenyeji na jina lililoandikwa kwenye ukuta wa shule.

Kenya iligusa upande mmoja wa tatizo hili kwa kifungu cha 26 cha Sheria ya Uchaguzi, kinachomkataza mwenye nia ya kugombea kushiriki harambee ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Kinavunjwa, ndiyo, lakini wazo lake ni sahihi: ukarimu wa ghafla una kalenda yake. Ningekipanua kifunike pia uzinduzi wa miradi ya mfuko wa jimbo. Mradi uendelee, Mkurugenzi wa halmashauri akate utepe.

Uchaguzi wangu, kulingana na ulipo

Kama unatoa maoni Kenya, pigania jambo moja kabla ya yote: viwango viwemo ndani ya sheria yenyewe kama kanuni ya kukokotoa, vijiendeshe bila idhini ya Bunge kila baada ya miaka mitano. Bila hilo mengine ni mazungumzo ya chai. Halafu mchujo wa vyama uingizwe kwenye hesabu.

Kama ni Tanzania, una msingi mzuri kuliko unavyodhani. Kura za maoni tayari zimo. Ondoa namba mikononi mwa Waziri. Ukaguzi wa gharama usikae kwa ofisi inayosajili vyama wakati uchaguzi unasimamiwa na tume nyingine. Hesabu ziende mahali pamoja, zichapishwe jimbo kwa jimbo ili mpiga kura asome, na mkaguzi akizikataa azipeleke mwenyewe mahakamani bila kungoja mshindwa aliyefilisika kutafuta wakili.

Na kama kamati itakuambia haina muda wa kusikiliza yote hayo, ina dakika tano tu, usizitumie kubishana kuhusu milioni ngapi. Omba marekebisho mawili yanayoenea kwenye nusu ukurasa: hesabu ziwasilishwe ndani ya siku 21 baada ya kura, na mtu aruhusiwe kufungua kesi ya gharama ndani ya siku 30 tangu hesabu hizo zilipochapishwa.